Ng'ombe wakivuka uzio wa kwenye simu, anayepewa onyo ni mchungaji?

Wakuu salaam. Leo mnivumilie, nina hasira.

Nipo kusini mwa Uingereza, kwenye vilima vya chokaa. Nachunga ng'ombe wa taasisi moja (siitaji, bado nakula kwao) kwenye nyasi zilizohifadhiwa kisheria. Nyasi hizi zisipoliwa zinamezwa na vichaka, na nchi hii imeshapoteza takriban asilimia 97 ya malisho yake ya maua tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo hapa ng'ombe analetwa hifadhini makusudi. Nilipomwambia mjomba wangu wa Simanjiro alicheka mpaka simu ikakatika.

Mwaka juzi waya wa ndani uling'olewa, ukabaki wa barabarani tu. Ikaja mikanda ya shingoni yenye GPS na visola. Teknolojia ambayo Wanorwei waliianza na mbuzi. Mpaka unauchora kwenye simu. Ng'ombe akiukaribia mkanda unalia, mlio unapanda, akikaidi anapigwa shoti ndogo. Akivumilia shoti tatu mkanda unanyamaza na kutuma ujumbe kwamba katoroka. Akirudi ndani hapigwi. Kifaa sikilaumu, wengi wanageuka kwa mlio tu.

Nawalaumu mabosi. Walipoona kinafanya kazi, wachungaji watatu tukabaki mmoja. Mimi.

Jumamosi mtu kaja na mbwa hana kamba. Mbwa kamkimbiza ndama, mama yake kamfuata, kundi zima likavuka. Ng'ombe aliyetishwa na mbwa atasikiliza mlio gani? Wakaingia sehemu tuliyoifunga kwa ajili ya ndege wanaotaga chini. Kule bondeni mtandao ni wa kubahatisha, ujumbe ukanifikia baada ya dakika arobaini. Nafika, wamelala wanacheua, viota viwili vimekanyagwa.

Jumatatu naitwa ofisini. Meneja kageuza kompyuta nione: "Walivuka saa nne na dakika sita. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa ng'ambo ya kilima nabadilisha betri! Wiki tatu mawingu matupu, sola itachaji kwa jua gani? Na hiyo kazi ilikuwa ya mwenzangu mliyemwondoa, mkasema "mfumo unajiendesha". Ramani inajua ng'ombe alipo, haijui anachechemea. Haijui mbwa amekuja. Nimepewa barua ya onyo. Mwenye mbwa hata jina hakuulizwa.

Sasa wadau mlioko Norwe, Australia, popote mnapotumia hii mikanda: kundi la ng'ombe sitini kwenu linaangaliwa na watu wangapi? Na mtandao ukikata, anabeba lawama nani? Nijibuni kabla ya Alhamisi, ndiyo siku ya kikao changu. Yule ndama bado anachechemea, na leo hakuna aliyeniuliza habari zake.