Mliofanya mazoezi ya intavyuu za shule kwenye magrupu, tupeane uzoefu

Mleta mada, Uyole
Wakuu, poleni na baridi. Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, anaomba African Leadership Academy, ile ya Johannesburg inayochukua vijana wa miaka 16 hadi 19. Yuko kwenye grupu la WhatsApp na waombaji wenzake, usiku wanahojiana. Namsikia chumbani, majibu yameanza kunyooka mno. Akiulizwa changamoto aliyopitia anatiririka kama anaghani ngonjera. Mliopita huko, haya mazoezi yanajenga au yanaharibu?

Mdau, Soweto Mbeya
Inategemea mnaulizana nini. Mimi niliomba MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, Harvard. (Sikupata, kabla hamjauliza.) Pale intavyuu ni dakika 30 na anayekuhoji ameshasoma maombi yako yote, anaingia moja kwa moja ulipoandika: uliacha kazi benki, kwa nini wakati ule? Sasa mwenzako wa grupu ambaye hajakusoma atakuuliza nini cha maana? Mimi na wenzangu wa Nairobi na Lagos tulikuwa tunatumiana maombi kwanza, mtu anayasoma ndipo anahoji. Jibu la kwanza lilikuwa halihesabiki. Unaulizwa "kwa nini" na "kivipi" mpaka ukwame, na hapo ulipokwama ndipo pa kufanyia kazi.

Wharton, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ndiyo kabisa huwezi kujizoeza peke yako. Wanaweka waombaji watano au sita wajadili jambo pamoja kwa dakika 35. Kwenye grupu letu kulikuwa na jamaa anayemeza dakika zote. Tulimwambia bila kumung'unya maneno. Akanuna, akarudi amepunguza.

Mama, Mafinga
Sisi tulikuwa na grupu la wazazi, watoto wa darasa la saba wanaokwenda usaili wa kidato cha kwanza shule binafsi. Mtu akarusha majibu yameandikwa kabisa, sote "asante dada, ubarikiwe". Nikawaita watoto wa mtaani nikawahoji: wote madaktari, wote "nisaidie jamii yangu"! Nikayafuta. Nikawaacha wahojiane wenyewe, na mtoto hana adabu ya kukubali jibu: "Wewe ukiona damu unakimbia, udaktari wa nini?" Binti yangu akaishia kueleza kitalu cha babu yake cha miche ya misonobari, kwamba mizizi inayotokeza chini ya viriba lazima ikatwe isije ikajishika ardhini. Siku ya usaili alieleza hilohilo, hospitali hakuitaja.

Mdau, Tukuyu
Zoom ya bure inakata dakika 40, tukaigeuza kengele: dakika 15 kuhojiwa, tano za maoni, anafuata mwingine. Mvua ikiharibu mtandao tulihamia voisi noti, ila hizo hazifundishi. Mtu anarekodi na kufuta mpaka apendeze.

Mdau, Kihesa
Uliza kama humo hakuna anayeuza "maswali ya mwaka huu". Kwetu alikuwepo, tukamtoa. Na akimaliza kujibu kwa Kiingereza, mwambieni asimulie kisa kilekile kwa Kiswahili. Kama ni cha kukariri mtaona anavyotafuta maneno.

Mleta mada, Uyole
Nimemsomea dogo. Anasema kwao hakuna anayekatiza, wanapeana "safi sana" na emoji za moto. Natafuta wawili wasiomjua wamhoji kesho saa tatu usiku, maombi yake nawatumia leo akikubali. Wa Soweto, upo? Na mama wa Mafinga, wale watoto wako bado wapo?