Kondensa na kapasita ni kitu kimoja?

Kijana wa Chuno: Shikamooni wakubwa. Marehemu babu alikuwa fundi magari Masasi, kaniachia daftari lake la kazi, na kila ukurasa ni kondensa, kondensa. Jana pangaboi langu liligoma kuanza mpaka nilisukume kwa mpini wa fagio. Nikaingia duka la vipuri hapa Mtwara kuomba kondensa, muuzaji akauliza: ya friji au ya gari? Nikajibu ya pangaboi. Duka zima likacheka. Nisaidieni kabla sijarudi.

Fundi Mstaafu, Lindi: Marahaba mjukuu wangu. Babu yako hakukosea, ni jina la kizamani tu la kapasita. Volta, yule Mwitaliano, ndiye aliyekiita chombo chake hivyo mwaka 1782, enzi wataalamu wakidhani umeme ni kitu cha kumiminika unachoweza kukishindilia mahali pamoja. Kondensa ya friji ni jambo jingine: mle gesi inageuka kimiminika kwelikweli.

Ya umeme ni mabati mawili yasiyogusana, basi. Ya mwanzo ilikuwa chupa ya maji! Musschenbroek wa Leiden, Uholanzi, aliijaribu mwaka 1746 ikampiga shoti ambayo hakutaka kuirudia. Kiganja kilichoshika chupa ndicho kilikuwa bati la pili.

Kwenye Land Rover zetu za petroli ilikuwa kikopo kidogo kuliko kidole gumba, waya mmoja, kimefungwa kwa skrubu jirani na platini, vile vichuma viwili vya kugusana na kuachana ili plagi zitoe cheche. Kikifa, platini zinapiga cheche: upande mmoja unaota kichuguu, wa pili unachimbika shimo. Ukikuta kichuguu, huulizi tena kwa nini gari linakohoa.

Dada wa Mikindani: Dukani sema kapasita. Ila kwanza fungua ile ya zamani usome namba, za pangaboi nyingi ni maikrofaradi (kipimo cha kapasita) 2.5. Usiweke kubwa eti lizunguke kwa kasi. Na zima umeme kwenye meni, ile swichi kuu ya nyumba, si swichi ya ukutani peke yake. Mafundi wengine wanageuza waya, umeme unabaki juu darini hata ukizima swichi hiyo. Mimi nilirushwa kwenye ngazi hivyohivyo.

Kijana wa Chuno: Imeandikwa 2.5, na imevimba tumbo. Asante dada. Babu, hizo platini zilikuwa za platinamu kweli?

Fundi Mstaafu, Lindi: Za zamani sana, ndiyo. Tulizokuta sisi zilikuwa tangsteni, jina tu ndilo halikubadilishwa.