MREJESHO: Kujisikia mgeni kanisani

Wapendwa, Bwana asifiwe. Niliuliza nifanyeje, maana nilihamia kanisa jipya na kila Jumapili nilikuwa naambulia salamu za mlangoni tu. Asanteni sana mlionijibu.

Ushauri wa kujiunga na kwaya haukunifaa. Wale wamekua pamoja, wana utani wao, na mazoezi yakiisha wanaondoka kwa makundi, mimi nabaki nakusanya karatasi za nyimbo. Hawana ubaya, ila nimeacha.

Kilichosaidia ni yule aliyesema nitafute kazi ya mikono. Nikajiunga na wanaofagia na kupanga mabenchi kabla ya ibada. Pale ukishika upande mmoja wa benchi, wa upande wa pili lazima mtaongea. Sasa kuna mama ananipigia simu nisipoonekana (na anagomba kweli!).

Ushirika rasmi bado. Nilibatizwa utotoni kwa kunyunyiziwa, na hapa washirika kamili ni waliozamishwa wakiwa watu wazima. Nilimwona mchungaji kama mlivyoshauri. Alinisikiliza vizuri, akanisomea Matendo 6, wajane wa Kiyunani walivyosahauliwa kwenye mgao wa kila siku hadi wakachaguliwa watu 7 kusimamia. Akakubali kwamba kanisa huweza kusahau watu wake. Ila kwenye ubatizo hakulegeza, kwa hiyo vikao vya washirika sina kura. Bado naomba, sijaamua.

Aliyeniambia nihame tena, samahani mkuu, huo ushauri sikuufuata.