Kwa nini chambo changu cha kuzama hakigusi chini?

Swali
Ndugu wavuvi, salamu. Nina chambo bandia chenye umbo la samaki mnene na ulimi mrefu wa plastiki, na kwenye boksi lake imeandikwa kuwa kinazama mita 5. Ninavua kutoka mtumbwini, mahali penye kina cha mita 4 nilichokipima kwa kamba yenye chubwi, lakini hakijawahi kugusa mwamba hata mara moja. Mshipi wangu ni nailoni ya milimita 0.40, ninatupa umbali wa mita 15 hivi, na nimejaribu kuvuta kwa kasi zaidi bila mafanikio. Je, nitafute chenye ulimi mrefu zaidi?

Jibu la kwanza
Usinunue kingine kwanza, ndugu yangu. Chambo cha aina hii huelea kikitulia. Maji yanayousukuma ulimi wakati unavuta ndiyo yanayokiinamisha kichwa na kukipeleka chini, kwa hiyo kinahitaji safari ndefu ya kushuka kabla hakijaanza kupanda tena kuifuata ncha ya ufito wa kuvulia. Kwa mtupo wa mita 15, safari hiyo inakwisha mapema mno. Tupa mbali kadiri uwezavyo, tena upitilize mwamba unaoulenga, ili chambo kiwe kimeshafika chini kitakapoufikia. Mshipi mnene nao hukinzana na maji na kukizuia kisishuke, hivyo jaribu wa milimita 0.28. Mimi hupendelea mshipi wa fluorokaboni (aina ya plastiki) badala ya nailoni, kwa kuwa ni nzito kuliko maji na huzama yenyewe.

Jibu la pili
Naongeza kuhusu kasi. Ukivuta haraka kupita kiasi, chambo hupoteza mizani na kulala ubavu, kisha hupanda badala ya kushuka. Vuta kwa mwendo wa wastani huku ncha ya ufito ikielekea majini. Kikigonga mwamba, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, acha kuvuta kwa sekunde moja au mbili ili kielee kidogo, kwa maana mara nyingi samaki hukikamata papo hapo. Wengi huogopa kunasa na hukikwepesha kisiguse chini, ilhali ulimi hutangulia kugonga na kuzikinga ndoana kwa kiasi kikubwa.

Jibu la tatu
Kagua pia kama kinakuja kimenyooka. Kikivutia upande wa kushoto, kishike kichwa kikikuelekea, kisha pinda kidogo sana kwa koleo kile kitundu cha waya kinachofungiwa mshipi kuelekea kulia kwako. Chambo kinachokwenda upande hakifikii kina chake, hata mshipi uwe mwembamba namna gani.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nimebadilisha mshipi na kurefusha mtupo, na leo asubuhi nimesikia ulimi ukigonga mawe kupitia mpini wa ufito. Kilikuwa kikivutia kushoto pia, na nimeshakirekebisha.