Nasali lakini ndani ni pakavu, mlioyapitia haya mlianzia wapi?

Weta_wa_Paje
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mie humu huwa nasoma na kupita tu, ila leo usingizi umegoma nikasema wacha niulize. Nafanya kazi hotelini huku Paje mwaka wa nne sasa, nimeokoka toka niko bara, naimba besi kwenye kwaya, fungu la kumi natoa, yaani ukinitazama kwa nje huoni tatizo. Lakini ndani ni pakavu. Nikifungua Biblia nasoma mstari ule ule mara tatu na sikumbuki nimesoma nini, nikipiga magoti nasinzia au naanza kupiga hesabu za kodi ya chumba, nyimbo mdomo unaziimba wenyewe kama redio. Silewi, sina mambo ya wanawake. Nimepoa tu.

Kilichonichoma ni hichi. Jirani yangu wa chumba cha pili, Mwislamu, tuko naye kazi moja. Ramadhani hii anaamka daku, anaswali, anakuja kazini anabeba trei za vyakula vya wageni mchana kutwa na jua hili na hajaonja hata maji, usiku anakwenda tarawehe. Sijamsikia analalamika hata siku moja. Mie dakika kumi za maombi zinanishinda!! Mchungaji naona haya kumwambia maana ndo kwanza juzi kanifanya kiongozi wa vijana. Nianzie wapi?

JeshiLaBwana
Funga siku tatu kavu, kesha, kemea hiyo roho ya uzito kwa jina la Yesu. Hilo ni shambulizi. Na watakaokuja kukwambia ujichunguze usiwasikilize, mambo ya kujichunguza chunguza ndo yanawapoteza watu, unakaa unajitazama wewe badala ya kumtazama Bwana.

Mkunazini_Mjini
Ndugu yangu Jeshi taratibu, si kila kitu pepo. Eliya alifika pahala akaomba afe, Mungu hakumkemea wala hakumwambia afunge, alimletea mkate na maji akala akalala tena, akamwamsha mara ya pili akala tena. Weta kwanza tuambie, unalala saa ngapi kwa siku? Msimu wa wageni watu wa hoteli mnapigishwa shifti mbili mbili, pengine roho yako haina neno ila mwili umekwisha. Hilo nalo ni kujichunguza, kujua uchovu ni upi na dhambi ni ipi.

Halafu nikupe moyo kidogo. Wale wa Laodikia kwenye Ufunuo tatizo lao kubwa naona halikuwa lile uvuguvugu, ni kuwa hawakujijua, walijiona matajiri hawana haja ya kitu. Wewe unajijua, ushawapita hatua moja.

Jengine ntalisema ingawa ni refu. Mie nasali pale Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, Mji Mkongwe. Wenyeji wanajua ila wageni humu huenda hawajui, pale palikuwa soko la watumwa, lilifungwa 1873, na ibada ya kwanza ndani ya kanisa ilikuwa Krismasi ya 1877. Sasa wangeweza kuijenga altare popote, uwanja ulikuwepo. Inaelezwa kuwa waliiweka pale pale palipokuwa na mti wa kuchapia watu viboko. Pahala pabaya kuliko pote ndipo wakapaweka pa kupiga magoti. Nimekaa kwenye benchi lile miaka mingi naangalia duara la marumaru sakafuni linaloonyesha ulipokuwa mti ule, na kila mara najiuliza mie altare yangu nimeiweka wapi, maana ukweli huwa natafuta kona safi ya moyo ndo namkaribisha Mungu hapo, kule kubaya nimefunga mlango.

MamaKarafuu
Weti Pemba hapa. Mwanangu mie si msomi wa neno, nkwambie la shambani. Karafuu zikishachumwa mnakaa usiku ule ule mnazichambua, karafuu huku makonyo kule, asubuhi zende juani. Sasa ikiwa mmechoka mkasema tutachambua kesho, na kesho ikawa kesho kutwa, zimerundikwa zina maji yake, zinapata moto humo ndani zinavunda, zikija kukauka ni mpeta. Ukiitazama kwa mbali ni karafuu, na umbo ni la karafuu, ila ishike, nyepesi, haina mafuta, na kwenye mzani unaona aibu. Hakuna aliyeiharibu, imeharibika kwa kulazwa tu. Weye unasema hujaanguka. Haya, nakubali. Lakini umelaza nini?

Weta_wa_Paje
Mama umenipiga pahala. @Mkunazini nalala masaa matano, sita nikibahatika, hilo ntalirekebisha. Ila jana nilichukua daftari nikajichunguza kweli, nikaandika mie mvivu, nina kiburi, imani ndogo, naipenda dunia, nikajaza ukurasa mzima na machozi yakatoka. Leo asubuhi pakavu vile vile. Sasa nifanyeje tena?

Minara2
Samahani naingilia, mie Mkatoliki wa pale Shangani. Kaka hilo daftari lako hakuna dhambi hata moja humo 😅 usinikasirikie. "Nina kiburi" ni jina tu, hata mie naweza kuliandika na nikalala vizuri. Kiburi ulimfanyia nani, siku gani, ulisema neno gani? Tunajificha kwenye maneno makubwa kwa sababu maneno makubwa hayadai kitu, huwezi kumrudishia mtu "imani ndogo".

Sie tuna kuchunguza dhamiri kila usiku, Mtakatifu Ignasi wa Loyola alikuwa anafundisha hivyo, na cha kwanza kwake si dhambi, ni kushukuru. Unashukuru vya siku ile kimoja kimoja, ndo unaomba mwanga, ndo unaipita siku saa kwa saa toka ulipoamka. Huko kushukuru usikuone kudogo, mie mara nyingi dhambi yangu naikuta humo humo kwenye kushukuru. Na Jeshi ana pointi yake pia, ukijitazama peke yako utazama. Daudi hakusema ntajichunguza, alimwomba Mungu amchunguze yeye. Jaribu usiku mmoja tu, dakika kumi na tano, taa umezima.

Weta_wa_Paje
Nimerudi, siku tatu zimepita. Sijui niandikeje hii.

Nimeanza kushukuru kama alivyosema Minara, nikashukuru kazi, nikashukuru afya, nikashukuru kuwa Jumapili napata kwenda kanisani. Hapo nikakwama. Jumapili napata kwenda kwa sababu yule jirani yangu ananishikia shifti. Mwaka wa pili huu, na hajawahi kunidai kitu.

Hotelini kwetu tipu zote zinaingia boksi moja, mwisho wa wiki tunagawana. Kuna mgeni mwezi wa kwanza alinipa dola 20 mkononi nikaitia mfukoni, nikasema hii kanipa mie. Toka hapo nikawa nachagua, ndogo boksini, kubwa mfukoni. Na siku zote nimejiambia si wizi. Na humo kwenye fungu la kumi nilikuwa naitolea na hiyo hiyo, nkitoa na hesabu kamili khaa. Nimekaa na daftari nimejumlisha ninazozikumbuka, dola 85. Si zake jirani yangu peke yake, lakini naye ana haki humo pamoja na wenzake watano.

Sijahisi moto wowote ushuke. Nimehisi vibaya tu. Ila usiku ule niliomba zaidi ya dakika kumi na sikusinzia.

JeshiLaBwana
Mungu akubariki ndugu. Nimekaa kimya nasoma tu hapa, nina boksi langu na mie.

MamaKarafuu
Rejesha yote boksini mbele ya wenzio, na yeye umwambie kabla yao, asije akasikia kwa watu. Mwambie kwa mdomo, usimtumie kwa simu. Na usimchanganyie na mahubiri, ati Yesu kanigusa ndo maana nimekuja, mwambie nilichukua haki yako basi. Akikasirika mwache akasirike.

Weta_wa_Paje
Ndo ninachokiogopa mama, akikataa kunishikia Jumapili tena atakuwa na haki. Nimeskia mlango wake sasa hivi, karudi tarawehe. Nakwenda kugonga.