Chama cha wenye viwanda vya dawa kina kazi gani, kama si kulinda bei?

Mchokonozi: Wakuu, kumbukeni Afrika Kusini. Chama cha watengenezaji dawa, PMA, na makampuni kama 39 hivi walimburuza Mandela mahakamani Pretoria kisa sheria ya 1997 iliyofungua mlango wa dawa za bei nafuu kutoka nje. Watu wanazikwa kila Jumamosi kwa Ukimwi, wao wanagombania hataza, yaani haki ya kutengeneza dawa peke yao. Vyama hivi vina kazi gani nyingine?

Kaunta Namba 1: Punguza jazba. Hoja yao ilikuwa kifungu cha 15C cha sheria hiyo, kwamba kinampa waziri mamlaka yasiyo na mipaka. Mwenye mali asiende mahakamani aende wapi? Na kesi waliifuta wenyewe Aprili 2001.

Binti Pangani: Eti wenyewe! Machi jaji aliiruhusu TAC, wanaharakati wa Ukimwi wa kina Zackie Achmat, kuingia kama rafiki wa mahakama, yaani kutoa hoja bila kuwa upande wa kesi, makampuni yakaanza kuomba muda wa kujibu. Na Februari Cipla, kiwanda cha dawa cha India, ilishasema dozi ya Ukimwi ya mwaka mzima dola 350 kwa MSF, wale Madaktari Wasio na Mipaka, wakati wao bei zao zilikuwa zinapita 10,000. Wewe muuza Panadol unatetea nini?

Kaunta Namba 1: Muuza Panadol? Mimi ni mfamasia niliyesajiliwa, dada. Mtoto akiharisha saa nne usiku unamgongea nani dirisha, Achmat?

Binti Pangani: Na bei ya usiku unapandisha.

Nyundo: Mnaonea makampuni bure. Kesi imefutwa, Mbeki aliyempokea Mandela urais aligawa dawa? Mpaka Mahakama ya Katiba ilipomlazimisha 2002 kuwapa wajawazito nevirapine, dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe. Waziri wake wa afya, Manto, alikuwa anahubiri kitunguu saumu na bitiruti!

Mama Shufaa: Kitunguu saumu kimekukosea nini? Mama yangu anakitafuna kila asubuhi, presha imetulia.

Kaunta Namba 1: Na vidonge vya presha anameza?

Mama Shufaa: Anameza. Kwani nimesema hamezi?

Nyundo: 😂😂😂

Mama Shufaa: Cheka. Umemwita mama yangu mjinga, mtu mzima aliyekulea wewe na wenzako mtaani.

Nyundo: Mama, mimi nimemtaja Manto tu, wallahi.

Odijo wa Kisumu: Huku Kenya Bunge lilipitisha sheria ya mali ya viwandani mwaka huohuo wa 2001, tukaruhusiwa kuagiza dawa popote zinapouzwa rahisi. Hatukungoja kesi.

Binti Pangani: Wakenya hamkosi pa kujisifu.

Odijo wa Kisumu: Si sifa, ni sheria. Isome kwanza ndiyo uchambe.

Mchokonozi: Basi niambieni hili: viwanda vyetu wenyewe vikiwa na chama chenye nguvu, kitakuwa upande wa mgonjwa au wa hataza?

Kaunta Namba 1: Nijibu nini, mimi si muuza Panadol?

Mama Shufaa: Nyundo bado hajaomba radhi.