Profesa aliyetunyoosha kwenye uhandisi: nichukue nini kwake, niache nini?

Mnepo16 (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nimepewa vijana wawili waliomaliza chuo karibuni niwalee kazini. Mmoja kaniletea hesabu za boriti zilizotoka kwenye kompyuta, kurasa lukuki, michoro ya rangi kila kona. Nikamuuliza, "Kabla hujaiwasha hiyo programu, ulikuwa unategemea jibu la ukubwa gani?" Kijana akaduwaa. Na mimi niliduwaa kidogo, maana swali lile si langu. Ni la profesa wetu wa mekanika ya miundo, neno kwa neno, hadi ile tabia yake ya kuvua miwani kwanza.

Mliopitia mikononi mwa mtu wa aina hiyo mtanielewa. Kikokotoo kilikaa ndani ya begi mpaka uandike makisio yako kwenye kona ya juu ya karatasi, kwa wino, usije ukayafuta baadaye. Jibu sahihi lisilo na makisio lilipata nusu ya maksi. Jibu lisilo na kizio (mita, kilo na kadhalika) halikupata kitu, na rufaa haikuwepo. Ukichora mchoro wa nguvu ukasahau mshale mmoja, aliishia hapo hapo kusoma. Kurasa zako zinazofuata zilirudi bila hata nukta ya kalamu yake.

Ubaoni ndiko kulikokuwa na moto. "Boriti imeegemea ncha mbili, mzigo umesambaa sawasawa. Urefu ukiwa mara mbili, na mzigo kwa kila mita ukabaki ule ule, katikati itanepa mara ngapi zaidi?" Anayesema mara mbili, kaa chini. Anayesema mara nne, kaa chini, hiyo ni momenti, yaani nguvu ya kupinda boriti. Jibu ni mara 16, kwa kuwa mnepo unafuata urefu kwa kipeo cha nne. Ukilipata hakupongezi. Anakuuliza, "Sasa ongeza kina cha boriti mara mbili. Umepona?" Hujapona: kina kinaingia kwa kipeo cha tatu, umepunguza mara nane tu, bado unanepa mara mbili ya mwanzo. (Jina langu humu limetoka hapo, mkitaka kujua.)

Alitufanyisha pia njia ya Hardy Cross ya kugawa momenti, ile ya mwaka 1930, kwa mkono, fremu nzima, huku maabara ya kompyuta ikiwa mlango wa pili. Tulimlaani. Lakini mpaka leo nikitazama fremu naona momenti inavyogawanyika kwenye kiungo, na nusu ya ilichopewa boriti inavyovuka kwenda ncha yake ya pili. Hakuna programu iliyowahi kunionyesha jambo hilo.

Sasa upande wa pili. Huyu bwana alikuwa mkali kupita kiasi. Alirusha karatasi za watu sakafuni. Alisoma maksi kwa sauti akianzia wa mwisho. Sapu (mitihani ya kurudia) za somo lake zilikuwa nyingi, waliodisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, hawakukosekana, na wapo wenye vichwa vizuri waliohama kozi kwa sababu yake tu. Swali langu: yale aliyotuachia yalishika kwa sababu ya ukali, au yangeshika hata bila huo? Nauliza kwa sababu ya hawa vijana wawili. Nikiwabembeleza naogopa hawatashika. Nikiwafokea naogopa wataanza kunificha mambo.

Boltinati

Mkuu usijisumbue, ukali ndio dawa yenyewe. Uhandisi hauna "nilikuwa karibu kupata". Soma habari za daraja la Quebec, Kanada: liliporomoka likiwa linajengwa, tarehe 29 Agosti 1907, likaua wafanyakazi 75. Upana kati ya nguzo uliongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, yaani kutoka kama mita 488 hadi kama mita 549, lakini uzito wa chuma haukukokotolewa upya mapema. Ilipokuja kujulikana kwamba daraja ni zito kuliko lilivyodhaniwa, chuma kingi kilishatengenezwa, wakaendelea hivyo hivyo. Hapo ndipo unapomtaka mtu aliyenyimwa maksi zote kwa kusahau mzigo mmoja. Asiyefokewa darasani atafokewa na zege. Mimi wa kwangu nampigia saluti.

Mama Zege

Boltinati, mfano wako naupenda ila umeushika kwa upande wa makali. Endelea kuisoma habari hiyo hiyo. Mshauri mkuu wa mradi alikuwa Theodore Cooper, mhandisi mwenye jina kubwa Marekani wakati ule, aliyekaa New York mbali na eneo la kazi. Ilipopendekezwa mhandisi mwingine apitie kazi yake, alikataa. Pale site watu walishaona vyuma vya kubeba mgandamizo vinapinda, wiki kadhaa kabla. Wakabishana: vimepinda sasa, au vilikuja vimepinda? Hakuna aliyejiona ana mamlaka ya kusema "simamisheni kazi". Mtu alifunga safari hadi New York kumweleza mkubwa, na agizo la kutoongeza mzigo halikufika kwa wakati. Kwa hiyo pale hisabati ilikosewa, ndiyo, lakini walioliona kosa kwa macho yao walikuwepo. Walichokosa ni mahali pa kusemea.

Sasa mfikirie mwanafunzi aliyerushiwa karatasi sakafuni miaka minne. Siku akiona nguzo imepinda, atampigia bosi wake simu saa tano usiku? Au atajiambia labda ilikuja hivyo kiwandani?

Nami nilifundishwa na mtu wa kuogopwa, uhandisi wa udongo. Mnepo16, nikuulize kitu ulichopita haraka haraka: nani alisahihisha zile karatasi? Kama ni yeye mwenyewe, mstari kwa mstari, basi jibu lako liko hapo. Wa kwangu alikuwa anaandika pembeni ya kila hatua. "Hii namba umeitoa wapi?" "Maji yako wapi kwenye mchoro huu?" Darasa la watu wengi, na kila mmoja karudishiwa kazi imejaa penseli. Hata aliyeshindwa vibaya alijua ameshindwa wapi. Kelele zake zimeshanitoka kichwani, lakini nikichora mteremko wa udongo mkono wangu unaweka mstari wa maji kabla sijafikiria kitu kingine, kwa kuwa udongo uliolowa mpaka ukashiba ni habari nyingine kabisa.

Kudai sana na kufoka ni vitu viwili. Vilikaa ndani ya mtu mmoja, ndiyo maana tunavichanganya. Wapo niliowafahamu waliofoka vizuri tu na hawakusoma hata ukurasa, wasaidizi wao ndio waliosahihisha. Hao hakuna anayefungua mada kuwauliza.

Mnepo16

Mama Zege, umenigusa penyewe. Alisahihisha mwenyewe. Tulikuwa tunaona taa ya ofisi yake usiku tukidhani anatunga mtihani wa kutumaliza.

Na umenikumbusha mhadhara mmoja. Alituchorea ajali ya hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, tarehe 17 Julai 1981, watu 114 walipokufa baada ya njia mbili za kupita watu zilizoning'inia ukumbini kuanguka. Mchoro wa awali ulikuwa na fito ndefu za chuma zinazotoka darini, zinapita kwenye njia ya juu, zinaendelea hadi ya chini. Wakati wa utengenezaji kila ufito mrefu ukabadilishwa kuwa miwili: mmoja darini hadi njia ya juu, mwingine njia ya juu hadi ya chini. Ukitazama kwa macho, kitu ni kile kile. Akasema, "Chora nati iliyo chini ya boriti ya njia ya juu, peke yake. Kisha niambie imebeba nini."

Tukachora. Mwanzo nati ile ilibeba njia yake tu. Baada ya mabadiliko inabeba yake na ya chini, mzigo mara mbili. Na hata mchoro wa awali ulikuwa na kama asilimia 60 tu ya uwezo uliotakiwa na kanuni za mji ule. Darasa lilinyamaza. Mishale miwili kwenye karatasi, ile ile aliyokuwa anatunyimia maksi. Siku hiyo hakumfokea mtu, na ndio mhadhara ninaoukumbuka kuliko yote.

Basi kufoka naacha. Makisio kwa wino nabaki nayo. Lakini nisaidie hapa: unawafanyaje waone umuhimu wa makisio wakati kompyuta inatoa jibu kabla hawajachonga penseli?

Boltinati

Sawa, nakubali kuhusu Cooper, sikuwa nimelitazama hivyo. Ila mpole naye asituletee watu wanaopewa maksi za huruma. Sifuri kwa kukosa kizio ibaki pale pale!

Mama Zege

Ibaki, Boltinati, hapo hatuna ugomvi. Mimi siwapi hotuba. Mtu akiniletea majibu ya kompyuta, tunaanza na uzito wa kitu chenyewe. Sakafu ya zege mita 5 kwa 6, unene milimita 150. Zege lenye nondo ni kama kilonewtoni 25 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila mita ya mraba ina 3.75, na sakafu nzima kama 112, sawa na tani 11 na ushee. Hesabu ya nyuma ya bahasha. Halafu namwambia ajumlishe nguvu zote za chini ya nguzo alizopewa na kompyuta. Kama jumla haifikii hata uzito wa sakafu tupu, ukuta wala watu bado hawajaingia, tunafunga ile ripoti na anarudi kutafuta mwenyewe. Simwambii kosa liko wapi, na simpandishii sauti. Akirudi nasoma kila ukurasa, hata kama nimechoka, kwa sababu nisiposoma mimi na yeye ataacha kusoma.

Na makosa makubwa usiyahangaikie sana. Anayechanganya milimita na mita kwenye kipeo cha nne atakosea kwa sifuri 12, hata mlinzi wa getini ataliona. Kaa macho na yale ya mara mbili, au mara moja na nusu. Hayo yanafanana na jibu sahihi, yanapita mikononi mwa watu watatu na yanasainiwa. Hapo mpe karatasi tupu umwambie achore nati.